Kazi Nyingi, Mizani Moja

(Maandishi ya hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wa hekalu, wazazi wao na majirani, Shinyanga, katika juma la maadhimisho)



Kwanza naishukuru Kamati kwa heshima iliyonipa. Mimi si muumini wa dini yenu. Ni jirani yenu. Nimeombwa niseme na vijana kuhusu kazi, na nadhani nimechaguliwa kwa sababu moja tu: katika mtaa huu hakuna aliyebadilisha kazi mara nyingi kama mimi. Nimefundisha shule ya msingi. Nimekaa kwenye mizani ya pamba ya chama cha msingi. Nimeandika vitabu vya hesabu vya duka ambalo mwenyewe ameketi safu ya mbele hapa. Sasa ni mzee wa baraza mahakamani. Hata hivyo sikuja kusimulia habari zangu. Nimekuja kuwasimulia habari za watu wawili waliopita katika njia hii yetu ya reli, na kuwaomba wazazi walitazame upya swali moja wanalowauliza watoto wao.

Swali lenyewe ni hili: "Wewe hasa utakuwa nani?" Nimelisikia likiulizwa kwa Kigujarati, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, na katika lugha zote tatu lina uzito uleule. Baba anaogopa. Anamwona kijana wake akisaidia dukani asubuhi, mchana anatengeneza simu za watu, jioni anafundisha watoto wa jirani hesabu, na msimu wa mavuno anakwenda Kahama kununua mpunga. Baba haoni kazi hapo, anaona kutangatanga. Na kijana mwenyewe, akipewa fomu ya benki au ya serikali yenye nafasi moja tu mbele ya neno "Kazi", husita, kalamu ikiwa hewani, kana kwamba ameulizwa jambo la aibu.

Wazazi hawakosi hoja, maana wahenga wako upande wao. Mshika mbili moja humponyoka. Njia mbili zilimshinda fisi. Mithali hizi hazikutungwa bure, nami sitaki tuzipite upesi kama mtu apitaye kaburi usiku. Mkumbuke fisi yule. Alifika njia panda akasikia harufu ya nyama, asijue inatoka njia ipi. Akaweka miguu ya upande mmoja huku na ya upande wa pili kule, akaenda hivyo hivyo hata njia zikaachana, naye akapasuka. Sasa niwaulize: ni njia zilizomuua fisi? Njia zilikuwepo kabla yake na watu wengi walizipita salama. Kilichomuua ni kutaka kuzipita zote kwa wakati mmoja, na kuongozwa na pua. Fisi angeshika njia moja, akafika mwisho wake, akarudi akashika ya pili, asingekuwa na mithali. Wahenga walionya juu ya tamaa. Hawakusema kwamba mtu akishika jembe leo haruhusiwi kushika kalamu kesho.

Wala hapa Shinyanga hatuna desturi ya kazi moja. Msukuma wa kale alikuwa mkulima na mfugaji kwa pamoja. Jembe lilipomwangusha mwaka wa ukame, ng'ombe walimwinua; na ng'ombe walipokufa kwa maradhi, mtama ulimlisha. Mkewe alilima, alifuga kuku, alifinyanga au kusuka, alikuwa mkunga wa jirani na mwamuzi wa ugomvi wa kisimani, na hakuna aliyemwandikia hata moja kati ya kazi hizo. Na maduka ya babu zenu, ndugu zangu wa hekalu, yalikuwaje? Duka la kando ya reli liliuza chumvi, mafuta ya taa, vitambaa na jembe. Barazani alikaa fundi cherehani. Mwenye duka alinunua mazao, alikopesha mpaka mavuno, aliwasomea barua wasiojua kusoma, akawatunzia fedha waliogopa wezi. Ukimwuliza mwenye duka huyo yeye hasa ni nani, angekujibu kwamba ana wateja na hana nafasi ya kujibu.

Basi tuwaangalie watu wangu wawili. Wote wawili wameshatangulia mbele ya haki, na wote habari zao zinajulikana na umma.

Wa kwanza ni Paul Bomani. Alizaliwa mwaka 1925 upande wa Musoma, mtoto wa mchungaji. Katikati ya miaka ya 1940 alikuwa hapa kwetu, karani wa hesabu katika mgodi wa almasi wa Mwadui, ule uliofunguliwa baada ya Dakta John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, kugundua almasi mwaka 1940. Karani wa mgodini alikuwa na kazi ya heshima kwa zama zile: kiti, meza, mshahara wa kila mwezi. Mzazi yeyote angemwambia, "Mwanangu, tulia hapo." Hakutulia. Alikwenda Mwanza kufanya kazi katika chama cha ushirika cha wafanyabiashara Waafrika.

Huko alikutana na malalamiko ya wakulima wa pamba. Siku zile pamba ya Usukuma ilinunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Bara Hindi, na viwanda vya kuchambua pamba vilikuwa mikononi mwao. Wakulima walilalamika kwamba mizani haisemi kweli. Nalisema jambo hili katika ukumbi huu, mbele ya wajukuu wa wanunuzi wale, kwa sababu majirani wanaoheshimiana hawafichani historia. Wapo wanunuzi waliopima kwa haki, na majina yao bado yanatajwa kwa wema vijijini. Lakini mkulima aliyeondoka kituoni bila kujua uzito wa pamba yake mwenyewe hakuwa na njia ya kumtofautisha mwaminifu na mwizi, na hali hiyo iliwadhulumu wote wawili.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Bomani na wenzake waliwakusanya wakulima wa Jimbo la Ziwa. Miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoyafanya ni kuweka wapimaji wao wenyewe, ili mkulima ajue uzito wa mzigo wake kabla hajaufikisha kwa mnunuzi. Kutoka hapo vikazaliwa vyama vya msingi, kikapita kipindi cha Bomani kwenda Uingereza kusomea ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria, yeye akiwa meneja mkuu. Muungano huo ulikua ukawa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika katika Afrika, wenye viwanda vyake wenyewe vya kuchambua pamba.

Hesabuni sasa kazi zilizofuata. Akawa waziri wa kilimo na ushirika kabla ya Uhuru. Mwaka 1962 akawa Mwafrika wa kwanza kushika Wizara ya Fedha ya nchi yetu. Mwaka 1965 alimpisha katika wizara hiyo Amir Jamal, mtoto wa Kihindi aliyezaliwa Mwanza, naye akaendelea na wizara nyingine. Kuanzia mwaka 1972 hadi 1983 alikuwa balozi wetu Marekani. Aliporudi alitumikia tena serikalini, na katika uzee wake alikuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Karani, mwanaushirika, meneja, waziri, balozi, mkuu wa chuo. Ukimpa mtu huyu fomu yenye nafasi moja, ataandika nini?

Mtu wangu wa pili ni wenu zaidi kuliko wangu. Jayantilal Keshavji Chande, ambaye nchi nzima ilimwita Andy Chande, alizaliwa Mombasa mwaka 1928, mwaka uleule reli kutoka Tabora ilipofika Mwanza. Alikulia Bukene, kituo cha reli hiyohiyo, upande wa Nzega, ambako familia yake ilikuwa na duka na biashara ya mazao. Vijana mnaopita Bukene mkielekea Tabora mnajua ni mahali padogo kiasi gani. Kutoka hapo familia ilipanuka ikaingia katika usagaji wa nafaka, na kijana huyu akawa miongoni mwa wenye viwanda wakubwa katika nchi.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari mwaka 1967. Katika siku zilizofuata serikali ilitaifisha mabenki, makampuni makubwa ya biashara na viwanda vya kusaga nafaka, na viwanda vya Chande vilikuwemo. Mtu aliyelala akiwa mwenye mali aliamka si mwenye mali tena. Wako wazee katika ukumbi huu wasiohitaji kuelezwa na mimi jinsi hali hiyo inavyouma. Nao wako waliofunga mizigo wakaondoka nchini, wala siwalaumu. Chande aliombwa abaki na kuviendesha viwanda kwa niaba ya umma, na akakubali. Aliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji, lililowasagia wananchi unga. Baadaye aliongoza bodi za mashirika ya umma, yakiwemo ya bandari na ya reli. Alitumikia shule, ikiwemo ya Shaaban Robert ya Dar es Salaam, na alisimama na watoto viziwi wa shule ya Buguruni. Mwaka 2005 alitoa kitabu cha maisha yake, na jina la Bukene likawekwa kwenye jalada. Alifariki mwaka 2017.

Watazameni watu hawa wawili kwa pamoja. Mmoja alianza upande wa mkulima aliyeilalamikia mizani, mwingine alianza upande wa duka. Mabadiliko yaliyompandisha mmoja yalimnyang'anya mwingine. Mmoja alibadilisha kazi kwa hiari, mwingine alibadilishwa. Hata hivyo wote wawili walifika mahali pamoja: waliaminiwa. Balozi hapewi nchi kwa sababu anajua kuhesabu almasi, wala aliyenyang'anywa viwanda haombwi kuviendesha kwa sababu ana ujuzi wa mawe ya kusagia pekee. Wenye ujuzi huo wangepatikana kwingine. Kilichowatangulia katika kila mlango mpya ni habari ya jinsi walivyofanya kazi nyuma ya mlango uliotangulia.

Hapa ndipo naomba kuleta neno kutoka kwenye kazi yangu ya mizani. Kila asubuhi ya msimu wa pamba, kabla mkulima wa kwanza hajateremsha mzigo, tuliijaribu mizani kwa jiwe la uzito unaojulikana. Jiwe halikuwa pamba, wala halikununuliwa wala kuuzwa. Kazi yake ilikuwa kusema kweli tu. Mizani ikisoma sawa, tulianza kazi. Isiposoma sawa, hatukuanza, hata foleni iwe ndefu namna gani. Juu ya mizani ileile kwa mwaka mmoja zilipita pamba, choroko, dengu na mpunga. Mizigo ilibadilika, jiwe halikubadilika.

Vijana, kazi zenu ni mizigo hiyo. Itabadilika, na mingine hamtaichagua ninyi. Ulizeni habari za pamba yenyewe: wanunuzi binafsi, kisha ushirika; mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa na mamlaka za mazao zikachukua kazi; katika miaka ya 1980 ushirika ukarudishwa; katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakarudi. Aliyeanza kufanya kazi ya pamba akiwa na miaka ishirini hakustaafu katika mfumo aliouanza, hata kama hakuhama nyumba. Kwa hiyo swali la kuuliza halihusu sana idadi ya mizigo. Tuulize kama jiwe lipo, na kama ni lilelile.

Najua hoja moja ambayo wazee wa hekalu wataitoa, nayo ni nzito. Mafundisho yenu yanampa kila mtu wajibu wake, dharma yake, na yanasema ni heri kutimiza wajibu wako kwa upungufu kuliko wa mwenzako kwa ufanisi. Je, kubadilisha kazi si kuukimbia wajibu? Nilipomuuliza rafiki yangu wa hekaluni, hakunijibu kwa hoja. Alinijibu kwa kisa cha Mahabharata, ambacho ninyi mnakijua tangu utotoni. Nisameheni nikikisimulia vibaya.

Wana wa Pandu walipopoteza ufalme kwa mchezo wa kamari, walihukumiwa miaka kumi na miwili msituni na mwaka wa kumi na tatu wa kujificha wasitambuliwe. Mwaka huo waliajiriwa katika nyumba ya mfalme Virata. Yudhishthira, aliyekuwa mfalme, akawa mwenzi wa mfalme mwingine barazani. Bhima mwenye nguvu akawa mpishi. Arjuna, mpiga mishale asiye na mfano, akawafundisha mabinti ngoma na nyimbo. Nakula akatunza farasi, Sahadeva akachunga ng'ombe, na malkia Draupadi akawa mtumishi wa malkia mwingine, akimsuka nywele. Mwisho wa mwaka maadui walivamia kuiba ng'ombe wa Virata, kwa maana wakati ule hapakuwa na sungusungu. Na ni hao wapishi na wachungaji na mwalimu wa ngoma waliosimama na kuwarudisha ng'ombe.

Mimi jirani nilichokielewa ni hiki. Watu wale walibadilisha kazi zote, lakini hakuna siku waliyoacha kuwa wao. Bhima alipika vizuri, Sahadeva alichunga vizuri. Hawakuidharau kazi ya mwaka mmoja kwa kuwa walizaliwa majumbani mwa wafalme. Wajibu haukukaa katika cheo, ulikaa katika namna ya kumtumikia aliyewapa hifadhi. Na kwetu sisi wafugaji, inatupa faraja kwamba katika mwaka ule mgumu mwana wa mfalme hakuona aibu kushika fimbo ya kuchungia.

Ila nisiwadanganye vijana. Kubadilisha kazi kuna gharama, na anayewaambia kwamba ni raha tupu hajawahi kubadilisha. Mwezi Oktoba mwaka 1947 lilipatikana Mwadui jiwe la almasi la rangi ya waridi, lenye uzito wa karati 54.5. Dakta Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyeolewa mwaka huo. Mafundi wa London walipolikata, likabaki karati 23.6. Zaidi ya nusu ya jiwe ilikwenda. Lakini jiwe la almasi likiwa halijakatwa hufanana na kipande cha chupa. Nyuso nyingi zilizochongwa ndizo zinazolifanya lipokee mwanga kutoka pande zote na kuurudisha. Kila kazi mpya ni uso mmoja unaochongwa, na kila uso una vumbi lake linaloanguka: miaka ya uzoefu isiyohesabiwa tena, mshahara wa kuanzia chini, wenzako uliosoma nao wakiwa tayari wakuu wa idara. Anayeingia katika njia hii aingie akiijua hesabu hiyo. Na fundi asiyejua anachonga nini hatapata kito. Atapata vumbi tu.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuwashauri vijana, na moja la kuwaomba wazazi.

La kwanza: kabla hujaacha kazi, imalize. Namaanisha madaftari yamefungwa, madeni yamelipwa, funguo zimekabidhiwa, na anayekupokea ameelezwa kila kitu hata kama humpendi. Mji wetu si mkubwa. Mtu unayemwachia hesabu chafu leo utamkuta kesho upande wa pili wa meza. Tofauti kati ya mtu wa kazi nyingi na mtu wa kutangatanga haionekani anapoingia kazini. Inaonekana anapotoka.

La pili: weka ngitili. Wageni waliopo wataniwia radhi nikieleza. Wasukuma, mvua zinapoanza, hutenga sehemu ya malisho isiguswe, majani yakue, ili kiangazi kikali kikifika mifugo ipate chakula. Mkoa huu ulikuwa umegeuka jangwa kwa kukata miti, na tangu mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI ulipoanza mwaka 1986 desturi hiyo ya wazee ilirudi na kuirudisha miti kwa maelfu ya hekta. Siri ya ngitili ni kwamba hutengwa wakati wa majani mengi. Anayeitafuta wakati wa kiangazi amechelewa. Kijana mwenye kazi nzuri leo atenge saa kadhaa za juma ajifunze kazi nyingine, na sehemu ya mapato asiiguse. Tazameni Buzwagi pale Kahama. Mgodi mkubwa, ulianza kuzalisha dhahabu mwaka 2009, ukafungwa mwaka 2021. Miaka kumi na miwili, chini ya umri wa mtoto kumaliza kidato cha pili. Ardhi ile sasa imepewa kazi nyingine, imetengwa kuwa eneo maalumu la uwekezaji. Ikiwa ardhi yenyewe imelazimika kubadili kazi, sisi tulioifanyia kazi tutasalimikaje? Fundi umeme wa mgodini aliyekuwa amejifunza pia kufunga pampu za maji za umeme wa jua alikuwa na mlango wa kugonga siku ya pili. Aliyejua mashine moja tu alikuwa na cheti tu.

La tatu: uwe na jibu la kwa nini. Wachimbaji wadogo wa Geita na Kahama wanahama kutoka duara hadi duara, kutoka karasha hadi mwalo, na baadhi yao kwa miaka wamejifunza kila hatua ya dhahabu: kuchimba, kusaga, kuchenjua, kuuza. Huyo akipata leseni yake, haibiwi kirahisi. Mwenzake aliyehama idadi ileile ya mara, akifuata tetesi za mshipa mpya kila mwezi, bado anaanza upya kila mahali. Wote wawili wamehama sawa. Mmoja alikuwa anakusanya, mwingine alikuwa anafuata harufu, na habari za anayefuata harufu tumekwisha kuzisikia kwa fisi.

Ombi langu kwa wazazi ni hili. Mnapomwona mwana au binti yenu akishika kazi ya tatu, msianze na "Utatulia lini?" Ulizeni, "Kule ulikotoka, wangekupokea tena?" Akisema ndiyo bila kusita, mshukuruni Mungu mkanywe chai. Akiinamisha macho, basi hapo ndipo pa kukaa naye usiku, kwa maana hata kazi moja ya maisha yote isingemponya. Na msiwafanyie hivyo wana peke yao. Wako mabinti katika ukumbi huu wanaoendesha biashara kwenye simu zao, wanaandika hesabu za duka la baba, wanawalea wadogo zao na bado wanasoma chuo. Tumezoea kuziita kazi zao "kusaidia nyumbani". Tuziite jina lake, ziingie katika hesabu.

Kumbukeni pia kwamba Baba wa Taifa aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, akawa mwanasiasa, waziri mkuu, rais, mfasiri wa Shakespeare kwa Kiswahili, na mkulima wa Butiama. Katika kazi zote hizo, jina alilolipenda na ambalo watu walimwita mpaka kaburini ni lile la kazi yake ya kwanza: Mwalimu. Kazi mpya hazikuifuta ile ya zamani. Ziliipeleka mbali zaidi.

Hekalu hili lenyewe limefanya kazi zaidi ya moja kwa jirani zake. Ni nyumba ya ibada. Nanyi mnajua, nami najua, kwamba jikoni mwake wamekula watu wasiojua hata sala moja ya Kihindu, na katika ukumbi huu tumekaa vikao vya mtaa, vya misiba na vya shule. Hakuna aliyewahi kuliuliza hekalu, "Wewe hasa ni nini?" Tunajua jiwe lake la kupimia, na linatutosha.

Kwa hiyo kijana wangu, siku nyingine ukipewa fomu yenye nafasi moja, andika kazi unayoifanya siku hiyo, kwa mwandiko unaosomeka, kisha nenda ukaifanye. Nyingine zitaandikwa na watu uliowatumikia.

Nawatakia nyote maadhimisho yenye heri, na hekalu hili liishi miaka mingi pamoja na majirani zake.